Mtungi Uliovalishwa Maua

Majirani zangu, sogezeni viti niwasimulie jambo lililotokea ukuta kwa ukuta na nyumba yangu. Sisemi ili tuwacheke wenye nyumba. Wao wenyewe kwa aibu walitamani ardhi ipasuke iwameze, na aliyefika hapo hahitaji kusukumwa. Nasema kwa sababu mimi ni kinyozi, na mnapokaa kwenye kiti changu kuelekea sikukuu nasikia mnavyozipanga zawadi zenu, na nasikia pia mnavyozicheka zawadi za wenzenu.

Mume wa nyumba ile tunamwita Marumaru. Kazi yake ni kutandika marumaru kwenye majumba ya watu, na sakafu ya kwake inang'aa mpaka mgeni anaona haya kukanyaga. Mkewe ni mpambaji wa kumbi za harusi. Huyo mpe kisiki kilichooza, atakurudishia kitu cha kuweka sebuleni. Nyumba yao ilijaa maua ya plastiki, vitambaa vya lesi na mito ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuiegemea. Walikuwa na binti mmoja wa shule ya msingi, mpole, mwenye maswali mengi. Walipendana, na sikuwahi kusikia sauti ikipandishwa upande ule wa ukuta.

Ila walikuwa na ugonjwa mmoja: waliishi kwa macho ya watu.

Kila sikukuu ya kufunga mwaka walikuwa na desturi yao. Wageni hukusanyika sebuleni, zawadi hufunguliwa moja moja mbele ya wote, kisha Mpambaji huzipanga kwenye meza ndefu aliyoizungushia taa. Watu hupiga picha na meza ile. Saa ya ukutani yenye mabawa ya dhahabu huwekwa mbele, glasi za miguu mirefu pembeni yake, na zawadi isiyopendeza husogezwa nyuma kidogo kidogo mpaka inajikuta stoo.

Stoo ile ilikuwa imejaa zawadi za mtu mmoja, dada mkubwa wa Marumaru. Mtaa mzima tunamwita Shangazi kwa sababu ndivyo binti anavyomwita. Ni fundi cherehani. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, akamlisha na kumsomesha kwa kushona sare za watoto wa wenzake. Marumaru mwenyewe akifurahi huwa anasema kwamba mikono ya dada yake ndiyo baba yake na mama yake. Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu, na nadhani aliyaamini.

Shangazi hana habari na mapambo. Mwaka mmoja aliwaletea dumu kubwa la maji lenye koki, kwa ajili ya siku bomba zikikauka. Mwaka mwingine akaleta tochi ya kuzungushwa kwa mkono, isiyotaka betri wala umeme. Kisha akaleta mbegu za mboga na masanduku ya mbao ya kuoteshea, ili wasinunue kila jani sokoni. Mpambaji aliyapaka masanduku rangi ya fedha, akayajaza nyasi za plastiki. Mbegu sijui ziliishia wapi. Maji yalipokatika walikuja kwangu na ndoo, huku dumu lao likiwa stoo limejazwa riboni za harusi. Niliwachotea bila kusema neno, maana ujirani ni kustahiana.

Basi sikukuu moja Shangazi akaja na furushi zito, amelifunga kwa kitambaa alichokishona mwenyewe, chenye pindo safi pande zote. Ilipofika zamu yake ya kufunguliwa, wageni walivuta shingo. Mpambaji akafungua fundo, na ndani ukatoka mtungi mwekundu wa kuzimia moto.

Kisha mgeni mmoja, bwana mwenye duka la samani anayependa kusikika, akauliza kama Shangazi amewatakia heri ya mwaka au amewatakia moto. Watu wakacheka. Mpambaji naye alicheka, lakini masikio yake yalikuwa yamewiva kwa aibu. Alikuwa amewaalika wateja wake wakubwa siku hiyo.

Shangazi hakukasirika. Alingoja kicheko kipungue, akamgeukia mdogo wake. "Wewe unajua kwa nini nimeleta hiki," alisema kwa upole. "Ile siku nyumba yetu..."

"Dada, chakula kinapoa," Marumaru akamkata. Akasimama na kuwaelekeza wageni mezani.

Hapa lazima niwaeleze alichokikimbia. Walipokuwa wadogo nyumba yao iliungua kwa taa iliyoangushwa na upepo. Hakikubaki hata kijiko. Familia nzima ililala kwenye banda la kuku la jirani, msimu mzima wa mvua, kuku wakiwa wamehamishiwa kona moja. Marumaru alikuwa mdogo lakini si mdogo wa kusahau. Ila kwa wateja wake alikuwa ameshajenga hadithi nyingine, ya nyumba ya ghorofa na bustani, na banda la kuku halikuwa na nafasi katika ghorofa lile. Alimwonea aibu dada yake mbele ya watu. Shangazi alilitambua hilo, akala chakula chake akiwa ameinama.

Kabla ya kuondoka alimwita Marumaru, mkewe na binti jikoni. Akawaonyesha: unavuta pini hii, unaelekeza mdomo chini penye mzizi wa moto, unaminya. Akaomba jambo moja tu, utundikwe kando ya mlango wa jikoni, mahali mkono unapofika. Marumaru akaahidi. Mpambaji naye akasema, "Ondoa shaka, wifi." Binti alirudia maelezo yale kwa sauti mpaka akayashika.

Ahadi ni deni, lakini wapo wadaiwa wasiokosa usingizi. Mtungi ulikaa sakafuni jikoni kwa muda, kila mtu akijikwaa nao. Mpambaji alilalamika kwamba wekundu ule unaua rangi ya kuta zake. Kuutupa aliona vibaya, kuutundika aliona vibaya zaidi. Ndipo ufundi wake ukamjia. Aliuvisha lesi nyeupe kuanzia chini mpaka shingoni, akaizungushia waya mwembamba ili isilegee, akaipaka gundi ile ngumu ya kumbini. Juu, kwenye kishikio na pini, akapachika shada la maua ya plastiki, mekundu na meupe, nayo akayafunga kwa waya na kuyagandisha. Akauweka kwenye kona ya sebule, karibu na runinga.

Ulipendeza, siwezi kusema uongo. Wageni waliuliza chombo kile cha maua kimenunuliwa wapi, naye akajibu kwamba kimeagizwa kutoka nje. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa mambo yaligeuka, kwani cha maana ndicho kilichokuwa ndani, kikafungwa kwa waya kisitoke.

Binti peke yake ndiye aliyehoji. Alimuuliza mama yake watavuta vipi pini ikiwa imegandishwa. Mama akamjibu kwamba nyumba yao haina nia ya kuungua, akamtuma akachukue ufagio. Kisa hiki nilisimuliwa na Mpambaji mwenyewe baadaye.

Mwaka ukazunguka, sikukuu ikarudi. Nilialikwa tena, nikafika mapema. Nje kulikuwa na rundo la mchanga wa kazi ya Marumaru, na Mpambaji alikuwa amelifunika kwa zulia la majani ya plastiki ili wageni wasilione. Ndani taa za meza zilikuwa zimewashwa mchana. Shangazi alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha pembeni karibu na runinga. Alipopita mdogo wake alimuuliza mtungi umetundikwa wapi, maana hakuuona mlangoni. Marumaru akasema upo, dada, upo mahali pazuri, akaenda zake kupokea wageni.

Shangazi hakupenda kusumbua. Nadhani alitaka pia kupatana na wifi yake baada ya yale ya mwaka uliopita. Mpambaji alipokuja kumpa kinywaji, Shangazi aligusa maua yaliyokuwa kando ya bega lake akasema, "Wifi, una mikono ya baraka. Maua haya mazuri kweli." Mpambaji alishukuru, akakimbilia jikoni. Nilikuwa nimekaa mkabala nao, nikamwona anavyoondoka bila kumtazama usoni.

Jikoni kulikuwa na karai la mafuta juu ya jiko la gesi, yakichemka kwa ajili ya kukaanga kuku. Zawadi zikaanza kufunguliwa, na bwana wa samani alikuwa ameleta kioo kirefu chenye fremu ya dhahabu. Watu wakamwita mwenye nyumba aje apigwe picha nacho. Mpambaji akavua aproni, akajipaka poda, akaja. Picha moja ikazaa ya pili, na ya pili ikataka watoto watoke mbele. Binti alikuwa ametumwa sahani za ziada stoo, na mlango wa stoo ile uko nyuma ya jiko. Ukishaingia huna njia nyingine ya kutoka.

Tulianza kusikia harufu. Halafu tukamsikia binti akimwita mama yake, si kwa kelele, kwa sauti ya mtu asiyeamini anachokiona.

Tulikimbilia jikoni. Mafuta yalikuwa yameshika moto. Miali ilikuwa imeruka kutoka kwenye karai ikadaka pazia la lesi la dirishani, na pazia lile lilikuwa refu, limeteremka mpaka karibu na mlango wa stoo. Mtoto alisimama upande wa pili, sahani zikiwa mikononi. Bwana wa samani alichota ndoo ya maji akakimbia nayo, Shangazi akamzuia kwa kifua. "Hayo ni mafuta. Ukimwaga maji utamuunguza mtoto." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Mtungi uko wapi?"

Marumaru alirudi sebuleni mbio, mkewe nyuma yake, wakaanguka magoti mbele ya shada la maua. Wakayavuta. Maua yalikatika vichwa, mashina yakabaki. Mpambaji alishika waya kwa meno. Marumaru alitafuta pini chini ya gundi kwa kucha mpaka zikatoka damu, na pini haikutikisika. Lesi ilichanika kidogo, na rangi nyekundu ikaonekana kwa ndani.

Shangazi alikuwa amewafuata mpaka mlangoni. Aliuona ule wekundu. Nilimtazama usoni wakati ule, na nisingependa kutazamwa hivyo na mtu aliyenilea. Alivuta kitambaa kizito cha meza ya zawadi, saa na glasi zikaanguka na kuvunjika, akajifunika nacho akaingia jikoni.

Alilishika pazia linalowaka akaling'oa kwa mikono miwili, akalikanyaga. Akachukua sinia kubwa la bati, akalifunika karai ili moto ukose hewa, akalikandamiza mpaka miali ikafa pembeni, ilhali sinia lenyewe lilikuwa limeshapata moto. Ndipo akamfunika mtoto kwa kile kitambaa akamtoa. Sisi wengine tulilifunua zulia la majani ya plastiki kule nje, tukasomba mchanga kwa ndoo na kumalizia kabati lililokuwa linaungua. Mchanga waliouonea haya ndio ulioiokoa nyumba.

Tulipotoka tukiwa weusi kwa moshi, tulimkuta Marumaru amesimama katikati ya sebule. Alikuwa amefanikiwa kuchomoa pini. Alikuwa ameukumbatia mtungi, lesi ikining'inia, ua moja bado limesimama shingoni. Hapakuwa na kitu cha kuzima tena. Wageni walimtazama, naye akawatazama. Binti alikuwa mzima, anakohoa tu. Shangazi alikuwa amekaa sakafuni kwenye marumaru, mikono ameinyoosha mbele isiguse kitu.

Hospitalini daktari alisema mambo mawili. La kwanza, atapona. La pili, vidole vya mkono wa kulia havitakunjika tena kama zamani. Akauliza mgonjwa anafanya kazi gani. Marumaru aligeuza uso, ikabidi niseme mimi kwamba ni fundi cherehani.

Nilikuwepo pia walipoingia wodini kuomba radhi. Mpambaji alipiga magoti kando ya kitanda, uso ameufunika kwa mtandio, akisema neno lile lile, nisamehe wifi, nisamehe. Marumaru alisimama nyuma yake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Shangazi aliwatazama wote wawili, mikono imefungwa bendeji mpaka viwikoni.

"Mtungi ulikuwa pale pale karibu na kiti changu?" aliuliza.

"Ndiyo, dada."

"Na mimi nikayasifia yale maua," akasema. Marumaru alitoka nje akaegemea ukuta wa ukumbi wa hospitali, akalia mbele ya wapita njia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakujali nani anamwona.

Aibu yao haikuishia hapo. Bwana wa samani, yule yule wa utani, ndiye aliyesambaza habari mjini, na wateja wakaanza kumuuliza Mpambaji kama kumbi zake anazipamba kwa mitungi. Alivumilia. Aliniambia kwamba kicheko cha watu hakimuumi tena. Kinachomuuma ni asubuhi, anapomfunga wifi yake vifungo vya blauzi, kwani Shangazi sasa anaishi kwao, na mwenyewe hawezi kujifunga.

Sikukuu iliyofuata tulialikwa kama kawaida, ila meza ndefu haikuwepo. Kando ya mlango wa jikoni ulitundikwa mtungi mwekundu, uchi kabisa, alama za gundi bado zinaonekana shingoni. Marumaru alikataa kuzifuta. Dumu la koki lilikuwa limejaa maji, na kwenye yale masanduku ya rangi ya fedha nyasi za plastiki zilikuwa zimeng'olewa, mboga zimeota. Kabla ya chakula Marumaru alisimama.

"Nimewadanganya wengi humu," alisema. "Hapakuwa na ghorofa. Mimi nimelala kwenye banda la kuku, na aliyenitoa humo ni huyu hapa. Alitaka kuwaambia mwaka juzi, nikamnyamazisha. Leo nawaomba mumsikilize."

Shangazi akasimulia, taratibu, kuhusu taa, upepo na kuku waliosukumwa kona moja. Watu walicheka kwenye kuku, naye akacheka pia. Marumaru hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono ile iliyolala mapajani mwa dada yake.

Baada ya hapo binti akampa shangazi yake zawadi, iliyofungwa kwa karatasi ya daftari. Ilikuwa kifaa kidogo cha kutungia uzi kwenye sindano, kile chenye kitanzi cha waya. Shangazi alijaribu kukishika, kikamponyoka, akajaribu tena. Binti akakiokota, akatunga uzi yeye mwenyewe, akaiweka sindano katikati ya vidole viwili vinavyoweza bado kubana, akavifunika kwa mkono wake. Wakashona hivyo mshono mmoja, wawili kwa sindano moja. Mpambaji alikwenda jikoni kulia, lakini safari hii alizima jiko kwanza.

FUNZO

Majirani, zawadi si pambo la meza ya mwenye kupokea wala la jina la mwenye kutoa. Sikukuu inapokaribia, mpe mwenzako kitakachomfaa siku taa zikizimika, bomba likikauka, mtoto akijikata au mafuta yakishika moto. Tochi, dumu, sanduku la dawa za huduma ya kwanza, mbegu, mtungi. Aibu kubwa si kupewa kitu kisichong'aa. Aibu kubwa ni kukificha kwa sababu ya watu, halafu siku ya shida watu hao hao wakutazame unavyokatika kucha.

Na wewe uliyeletewa zawadi ya namna hiyo, muulize aliyeileta kwa nini ameileta, na mwache amalize kusema. Shangazi alikatishwa katikati ya sentensi, na nusu iliyobaki ndiyo waliyoilipia.

Leo ukirudi nyumbani, angalia kitu chako cha dharura kiko wapi. Kama kuna ua juu yake, ling'oe kabla hujavua viatu.